Michoro ya mashine isihifadhiwe kwenye WhatsApp

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wahandisi mitambo wenzangu jambo linalotutia hasara kimyakimya. Hivi karibuni, katika karakana moja hapa Dar es Salaam, fundi alikereza shafti (mhimili wa mashine unaozunguka) yenye kipenyo cha milimita 40 kwa mchoro alioupata kwenye kundi la WhatsApp, ilhali siku mbili kabla tulikuwa tumeibadilisha kuwa milimita 45. Mafaili yote mawili yaliitwa "mwisho". Beringi ikapwaya, chuma kikatupwa, na lawama, kama kawaida, zikamwangukia fundi.

Si lazima tununue programu ghali. Kila mchoro ukae mahali pamoja panapofikiwa na wote, uwe na herufi ya toleo na jina la aliyeuidhinisha, na toleo la zamani lifungwe ili lisichapishwe tena. Ofisi zinazotumia programu tofauti zibadilishane maumbo kwa STEP, muundo wa faili unaosomeka na programu mbalimbali za uchoraji, yaani kiwango cha kimataifa cha ISO 10303 kilichoanza kutolewa mwaka 1994, lakini ziambatishe na mchoro wa PDF, kwa kuwa mara nyingi faili la STEP halibebi mipaka ya vipimo inayoruhusiwa. Na fundi aonyeshwe mchoro kabla haujaidhinishwa.

Mhandisi mitambo,
Temeke, Dar es Salaam