Neno "asilia" lisiandikwe ovyo

Mhariri,

Natengeneza sabuni ya mwani hapa Jambiani: mafuta ya nazi, magadi ya sabuni (kostiki), mwani uliosagwa, mafuta ya karafuu, kisha naiacha ikomae wiki sita. Juzi mwanangu kaniletea losheni ya dukani, kopo la kijani, "asilia 100%". Nikaligeuza. Kwa maandishi madogo kama ufuta: maji, mafuta yatokanayo na petroli, parabeni (kemikali ya kuzuia losheni isioze), manukato. Nazi imetajwa mwisho kabisa!

Kiwango cha COSMOS cha Ulaya, cha vipodozi asilia na ogani (vya mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani), hukataza hiyo petroli na parabeni, na losheni ikiitwa ogani, angalau asilimia 20 ya losheni nzima, pamoja na maji yake, iwe ogani kweli; maji yenyewe hayahesabiwi kuwa ogani. Naomba na kwetu neno "asilia" likaguliwe kabla kopo halijafika dukani, na ada ya ukaguzi sisi wa vikundi vya kutengeneza sabuni tuimudu.

Mama Sabuni,
Jambiani, Unguja