Kiraka cha saba kisubiri kwanza

Kwako Saida,

Salamu nyingi sana. Kimya kimekuwa kirefu, ila tumegawana lawama nusu kwa nusu, kwa hiyo tusidaiane. Huku wote wazima. Mzee wa Waya bado anagombana na kila kebo ambayo hakuibana mwenyewe. Basi niingie kwenye shughuli, maana hii haingoji: vile viraka vyako kumi na vinne (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kukaguliwa) vya kupanga upya msimbo wa zana ya kujenga taswira za femuwea, yaani faili linalobeba programu za kuwashia bodi. Hamadi ana haraka navyo, anataka viingie tawi kuu vyote kwa mkupuo. Mimi nasema vingi viende, cha saba kibaki mlangoni.

Kwanza sifa, usije ukasema nimekuja na panga tu. Vinne vya mwanzo ni kuhamisha vitu na kubadili majina, na vimesomeka vizuri kwa `git diff --color-moved=dimmed-zebra --color-moved-ws=allow-indentation-change`. Mwambie Hamadi aache kusoma kwa `-w`. Kwenye Python nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazosema mstari uko ndani ya kitanzi au nje yake, na `-w` inazificha zote. Mtu anaweza kutoa `return` nje ya `if` na mkaguzi asione kitu.

Sasa cha saba. Zamani kila aina ya kipengee (programu au data iliyomo ndani ya taswira) ilikuwa na hesabu yake ya kusogeza mwanzo wake hadi kwenye mpaka, yaani anwani inayogawanyika kamili kwa namba fulani, na wewe umezikusanya zote kwenye kitendakazi kimoja. Wazo safi kabisa. Ila umechanganya mchele na chuya: hesabu ya zamani ilipima mpaka kuanzia mwanzo wa sehemu iliyobeba kipengee, na kitendakazi chako kinapima kuanzia mwanzo wa taswira nzima. Maelezo ya kiraka yanasema “hakuna badiliko la utendaji”. Lipo.

Chukua zile bodi za Rockchip, ambako sehemu ya kwanza inaanza sekta ya 64 (kila sekta ni baiti 512), yaani 0x8000 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Weka SPL, ile programu ndogo inayoanza kuwasha bodi, ya ukubwa wa 0x1a3c4, kisha FIT, kifurushi cha programu zinazofuata, yenye mpaka wa 0x1000. Kwa njia ya zamani, 0x1a3c4 inapanda hadi 0x1b000, ukijumlisha 0x8000 unapata 0x23000. Kwa njia yako, SPL inaishia 0x223c4, inapanda hadi 0x23000. Sawasawa, na ndiyo maana majaribio yote yamepita. Sasa hamia i.MX8MM, ambayo romu yake inasoma kadi kuanzia kilobaiti ya 33, yaani 0x8400. Njia ya zamani: 0x1b000 jumlisha 0x8400, FIT inakaa 0x23400, sekta ya 282. Njia yako: SPL inaishia 0x227c4, FIT inakaa 0x23000, sekta ya 280. Tofauti ni kilobaiti moja tu, lakini SPL ambayo ilikompailiwa na namba 282 ndani yake itafungua sekta hiyo, itatafuta 0xd00dfeed, alama inayoanza kila FIT, haitaiona, na bodi itakaa kimya kama tulivyokaa sisi.

Najua utakalojibu: bodi zetu nyingi hazina namba iliyokazwa, zana yenyewe inaandika mahali pa FIT ndani ya alama za SPL baada ya kupanga, kama binman, zana ya U-Boot ya kazi kama hii, inavyofanya. Kweli, na hizo zitawaka bila shida siku ya kwanza. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu kasoro itajificha kwenye nusu ya bodi. Halafu fikiria bodi iliyoko nje tayari, inayopokea sasisho la FIT peke yake. Kisasishi kinasoma ramani ya taswira mpya, kinaandika FIT sekta ya 280. SPL iliyomo ni ya zamani, inaijua 282. Hiyo huiwashi tena kwa mbali, mtu lazima aifuate na kebo. (Mzee wa Waya atafurahi.)

Ukaguzi wa kitu kama hiki haumalizwi kwa macho. Zana ya kujenga taswira ina bahati ambayo programu nyingine hazina: matokeo yake ni baiti, na baiti zinalinganishika. Kwa hiyo kabla hujatuma tena, fungua `git worktree` mbili, moja kwenye msingi na moja kwenye tawi lako. Weka `SOURCE_DATE_EPOCH`, yaani saa ya ujenzi, iwe ile ile pande zote, mkimage (zana inayounda FIT) inaiheshimu, vinginevyo muhuri wa saa peke yake utakupa tofauti kila ujenzi. Jenga kila bodi, toa heshi kwa `sha256sum`, linganisha. Kisha fanya hivyo kwa kila kiraka, si cha mwisho tu, kwa `git rebase -x` na skripti fupi inayojenga na kulinganisha, ili kiraka kinachovunja kijitaje chenyewe.

Heshi zikitofautiana, anza na ramani za vipengee, ndipo uje kwenye baiti. Kipengee kimoja kikisogea, kila kilicho nyuma yake kinasogea nacho, na `cmp -l` itakumwagia mistari isiyo na mwisho. Na ukiitumia, kumbuka inahesabu baiti kuanzia 1, kwa desimali, na thamani zenyewe inaziandika kwa okta. Taswira zilizotiwa saini zilinganishe kabla ya saini: RSA ya PKCS#1 v1.5 inatoa saini ile ile kila mara, lakini PSS, mtindo mwingine wa saini ya RSA, ina chumvi (data ya nyongeza) ya kubahatisha, kwa hiyo heshi hazitafanana hata msimbo ukiwa haujaguswa.

Ukifanya hayo utakikuta pia cha tano. Pale ulipobadili orodha ya faili za DTB (maelezo ya vifaa vya bodi) kuwa seti ili kuondoa marudio. Python huchanganya heshi za maneno upya kila inapoanza, kwa hiyo mpangilio wa nodi ndani ya FIT utabadilika ujenzi hadi ujenzi. Jenga mara moja na `PYTHONHASHSEED=0`, mara nyingine na `1`, utaona. Dawa ni `dict.fromkeys`, inaondoa marudio na kutunza mpangilio. Usitumie `sorted`, hiyo nayo inabadilisha mpangilio wa sasa.

Cha tisa ni kidogo ila kina sumu. Faili la nje likikosekana, mathalani bl31 (femuwea ya usalama ya Arm), zamani zana ilitoka na kosa. Sasa inaweka faili bandia, inachapa onyo, inatoka na 0. Faili bandia lina kazi yake, lakini lazima namba ya kutokea iseme ukweli. Binman hutoka na 103 katika hali hiyo. Ukiacha 0, mashine ya ujenzi itaweka alama ya kijani juu ya taswira isiyo na bl31.

Nirudi kwenye cha saba, maana sitaki udhani naipinga hesabu yako yenyewe. Kwenye flashi ya NOR inayofutwa kwa vipande vya kilobaiti 4, kupima kutoka mwanzo wa taswira ndiko sahihi, na ile ya zamani ndiyo yenye walakini. Lakini hilo ni badiliko la tabia. Kigawe viwili: kiraka cha kwanza kikusanye hesabu bila kugusa hata baiti moja, cha pili kilete sifa mpya kwenye maelezo ya taswira, bodi inayoitaka iiombe. Na uongeze majaribio: sehemu inayoanza 0x8400 yenye mpaka wa 0x1000, tarajio 0x23400, sehemu ndani ya sehemu, na kipengee chenye vijazio mbele yake. Asilimia 100 ya mistari kupitiwa anayojivunia Hamadi haisaidii hapa, kila mstari ulipitiwa, ila daima kwa sehemu iliyoanza 0 au 0x8000.

Kuna jambo nilitaka kusema juu ya kitanzi cha kupanga upya baada ya mgandamizo, kwenye cha kumi na moja... nadhani kipo sawa, lakini kiangalie tena kama kinatazama ukubwa wa vipengee vya ndani au vya juu tu.

Sasa nijibu haya. Ni bodi zipi zenye namba ya sekta iliyokompailiwa, unayo orodha? Kisasishi kinasoma ramani kutoka taswira mpya au ile iliyomo kwenye bodi? Baiti ya kujazia umeiacha 0x00 kote, au kuna mahali imekuwa 0xff? Nani alikuambia uweke seti kule kwenye cha tano, si Hamadi kweli? Na ukivigawa, utavituma vile kumi vilivyo safi kwanza ili viingie, au unataka vyote vingoje? Mimi ningependa viingie. Na mama anaendeleaje na goti?

Wako,
S.