Hela za urithi wa Wainuit zisiwe za mwaka mmoja mmoja

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wenu aliyeandika kwamba serikali ya Kanada inachezea kodi zetu kwa kuwapa Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini kwenye barafu, hela za kushona viatu na kuimba. Mimi nalipa kodi hapa Ottawa kama yeye. Na wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki Wainuit tunawajua kwa picha tu, wakati mji huu huu ndo wenye Wainuit wengi kuliko mji mkubwa mwingine wowote nje ya kwao kaskazini, tunapanda nao basi kila siku. Alichoandika kimeniuma na naona sio haki.

Hizo hela anazozisema zinatoka sehemu mbili tatu. Nunavut, eneo la Wainuit kule kaskazini, ilianza kuwa na serikali yake tarehe 1 Aprili 1999 na ina wizara ya utamaduni na urithi inayotoa ruzuku kwa vijiji, za kurekodi wazee, za lugha, za wazee kukaa kambini na vijana, za kutunza maeneo ya kale. Serikali kuu ya Kanada hapa Ottawa nayo ina mafungu yake, hasa ya lugha tangu ile sheria ya lugha za wenyeji ya 2019. Ni hela za kawaida tu za bajeti, zina fomu, zina risiti na zina ripoti ya mwisho, hakuna mtu anagawiwa noti mkononi.

Halafu huyo ndugu anasema kila kabila litunze mila zake lenyewe. Sawa, lakini hizi mila hazikufa kifo cha Mungu jamani. Watoto walichukuliwa wakapelekwa shule za bweni wakakatazwa kuongea lugha ya mama zao, wamisionari wakapiga marufuku katajjaq, ule uimbaji wa koo ambao wanawake wawili wanasimama uso kwa uso wakipokezana pumzi, na kuanzia miaka ya 1940 serikali ikawapa watu vibati vidogo vyenye namba wavae shingoni kwa sababu karani wa kizungu hakuweza kuandika majina yao, mtu mzima na akili zake anaitwa kwa namba mpaka miaka ya 1970 ilipoingia. Quebec wameitambua katajjaq kuwa urithi wa taifa lao mwaka 2014, vizuri, nawapongeza, lakini kati ya kukatazwa na kutambuliwa kuna mabibi wangapi waliozikwa na nyimbo zao? Serikali iliyobomoa haiwezi kugeuka leo ikasema kujenga ni juu yenu.

Na faida ipo, tena kubwa. Meli mbili za Waingereza, Erebus na Terror, zilipotea huko kwenye barafu na watu 129 katika safari iliyoanza 1845. Zikatafutwa zaidi ya miaka 160, na muda wote huo Wainuit walikuwa wanasimuliana wapi babu zao waliona meli na wapi waliona wazungu wanatembea wakianguka njaa. Louie Kamookak, Mwinuit wa kijiji cha Gjoa Haven huko Nunavut, alitumia maisha yake kukusanya hizo simulizi kwa wazee, nyumba kwa nyumba. Erebus ikapatikana 2014 upande ule ule simulizi zilipokuwa zinasema. Ingekuwa hakuna aliyekaa na wale wazee akasikiliza, tungekuwa bado tunatafuta.

Sasa mimi lawama yangu juu ya hizi ruzuku ni nyingine kabisa. Nyingi zinatolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na mwaka wenyewe ni wa mahesabu ya serikali, unaanza tarehe 1 Aprili unafungwa tarehe 31 Machi.

Niliwahi kukaa kwenye darasa la kushona hapa mjini, bibi mmoja wa Kiinuit anafundisha mabinti kutengeneza kamiik, vile viatu vya ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Ngozi inaparwa mafuta kwa ulu, kisu cha mwezi mchanga, inaoshwa, inawambwa, inakaushwa nje kwenye upepo na jua la majira ya kuchipua, inalainishwa mpaka ikubali kukunjika, hapo ndo sindano inaanza. Na sindano yenyewe sio ya kutoboa tu hovyo. Bibi aliipitisha ndani ya unene wa ngozi, nusu kwa nusu, isitokee upande wa pili, maana tundu likitokea maji yanaingia, na uzi wa kano za karibuu, wale paa wakubwa wa kaskazini, ukilowa unavimba unaziba mshono. Alikuwa anamshika binti mkono, anafumua, anamwambia rudia, tena rudia. Hiyo kazi haina njia ya mkato, mtu anaijua baada ya misimu kadhaa amekaa pembeni ya anayejua.

Haya, kijiji kinaomba hela ya kazi kama hiyo, jibu likichelewa mpaka Julai au Agosti msimu wa kukausha ngozi umeshapita, na Machi ripoti inatakiwa na hela iliyobaki irudi. Kuna jambo jingine watu wa kusini hatulifikirii, vijiji 25 vya Nunavut havina barabara inayoviunganisha, hata kimoja. Mizigo mikubwa inakuja na meli miezi michache ya kiangazi barafu ikiyeyuka, na oda inawekwa mapema. Hela ikichelewa meli inaondoka bila mbao zenu na mashine zenu, inabaki ndege, na kwa ndege hela yote inaishia kwenye usafiri, alafu mwisho mtu wa ofisini anaandika mradi haukufikia malengo. Mwaka unaofuata kijiji kinaanza upya kujaza fomu, na yule mzee aliyekuwa afundishe kafa.

Kijiji cha Igloolik, huko huko Nunavut, walianza kurekodi wazee wao mwaka 1986 na wakaendelea miaka na miaka, ndo maana leo mjukuu anaweza kumsikia mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya theluji akieleza kusoma nyota na upepo. Hiyo haikupatikana kwa mradi wa miezi minane.

La mwisho ni vitu vyenyewe. Mkataba wa ardhi wa Nunavut wa 1993 umeandika wazi kwamba kuna haja ya haraka ya kuwa na sehemu ya kuhifadhi mambo ya kale ndani ya Nunavut. Haraka! Zimepita zaidi ya miaka 30. Mkusanyiko wa vitu vya kale vya Nunavut umekaa Yellowknife, mji ulio nje ya Nunavut, halafu ukahamishiwa Gatineau, hapo ng'ambo ya mto kwetu, na kazi za sanaa zipo mji wa Winnipeg, huku kusini. Mimi naweza kuchukua basi nikafika karibu na zana za babu yao, mtoto wa kijiji cha Pond Inlet kule Nunavut, ambaye ndo za babu yake, lazima apande ndege mbili tatu na tiketi haishikiki. Inuit Heritage Trust, shirika la urithi la Wainuit, wana mpango wa kujenga kituo cha urithi Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, wachoraji wa majengo Dorte Mandrup wa Denmark walishateuliwa 2023, kinachotakiwa ni hela ya kujenga, basi.

Kwa hiyo naomba ruzuku zitolewe kwa miaka 3 hadi 5, majibu yatoke kabla meli hazijafunga oda, mzee aruhusiwe kuomba kwa sauti iliyorekodiwa kwa lugha yake ya Inuktitut badala ya makaratasi, na kile kituo cha Iqaluit kipewe fungu lake kwenye bajeti ya Ottawa. Nunavut nzima ina mbunge mmoja kati ya wabunge 343 wa Kanada, peke yake hawezi. Huyo ndugu aliyelalamikia kodi yake anaye mbunge wake, na mimi ninaye, nimeshamwandikia wangu na nawaomba wasomaji wenu mlioko Kanada mfanye hivyo kabla bajeti haijapangwa.

Wenu,
Msomaji, Ottawa