Kwa nini bado nasema Le Mans

Mombasa

Kwako ndugu yangu Sudi,

Salamu kwanza, kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imenifikia. Umejaza kurasa nzima kunithibitishia kwamba Safari Rally ya zamani ndiyo mama wa mbio zote za magari za masafa marefu, saa 24 za Nürburgring kule Ujerumani zinaifuata, na saa 24 za Le Mans kule Ufaransa umezisukuma nafasi ya tatu ukisema ni jina tu na shampeni. Hapo umenichokoza. Kosa lako moja: kila ukihamia mbio nyingine unabadilisha mizani. Safari umeipima kwa matope, Nürburgring kwa kona, Le Mans kwa kelele za watazamaji.

Mimi nina kipimo kimoja. Gari lililoanza ndilo limalize, likikimbizwa kwa kasi yake yote, mpinzani akiwa pale pale kwenye kioo, na pasiwe na kitu cha kulipumzisha. Ugumu wa njia peke yake hautoshi. Kuvuka mto uliofurika na Land Rover ni kazi ngumu, lakini hakuna anayeshindana na wewe ila mto.

Tuanze na Safari, maana najua ndiyo iliyo moyoni. Sibishi sifa zake. Tangu 1953, ilipoanzishwa kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth II, ilikata Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikazoeleka kukimbiwa Pasaka, masika yenyewe. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 tena saba. Na hadi Hannu Mikkola aliposhinda na Ford Escort mwaka 1972, hakuna dereva wa ng'ambo aliyewahi kuondoka na ushindi. Gari la Safari hulijui kwa rangi, unalijua kwa vyuma: ngao ya mabomba mbele, bamba nene chini ya injini, bomba la kuvutia hewa limepandishwa hadi usawa wa paa, taa kwenye mabawa. Nyuma kuna kitu ambacho wengi hawakioni kwenye picha: vishikio karibu na paa na pa kukanyaga juu ya bampa. Gari likinasa kwenye udongo mweusi, msoma ramani hushuka, hupanda pale nyuma, hushika vishikio na kuruka-ruka ili uzito uangukie magurudumu yanayosukuma. Dereva naye hakanyagi mafuta kwa pupa, maana tairi likizunguka bure linajichimbia kaburi na udongo unajaa kwenye mikato ya mpira hadi tairi linakuwa laini kama yai.

Lakini sasa nijibu hili. Gari lile lilipofika kituo cha huduma, mafundi walifanya nini? Shokamzoba mpya, springi mpya, na ikibidi giaboksi nzima. Ukilivua gari la mshindi mwishoni ukalinganisha na lile lililopungiwa bendera mwanzoni, utakuta bodi na injini ni vya zamani, na vingine vingi ni wageni. Enzi za Toyota Celica Twin-Cam Turbo, iliyoshinda 1984, 1985 na 1986, helikopta iliruka mbele kumwonya dereva juu ya ng'ombe na malori. Yale yalikuwa mashindano ya ugavi pia: nani kaweka spea wapi, na gari la mafundi limewahi kufika au halijafika.

La pili, walioanza mbele na walioanza nyuma hawakupita njia moja. Wa kwanza anakuta vumbi halijatimka. Wa thelathini anakula vumbi la wote waliotangulia, au anakuta mvua imeshuka na kivuko kimezama. Joginder Singh alishinda 1965 na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, wakiwa wamepangwa kuondoka namba moja. Simnyang'anyi sifa hata chembe. Mtu aliyerudia tena 1974 na 1976 na Mitsubishi hahitaji utetezi. Nasema tu kwamba kwa mizani yangu Safari ni mtihani mkubwa kuliko wote, na mtihani si lazima uwe mashindano makubwa kuliko yote. Hii ya siku hizi ya Naivasha, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yenye vipande vifupi na gereji ya pamoja ya kurudia, hata wewe huiweki kwenye mjadala huu.

Nürburgring ndipo uliponibana kidogo. Kilomita zaidi ya 25 kwa mzunguko mmoja, msitu kila upande, magari ya mbio ya GT3 yanayoungwa mkono na viwanda yakipishana usiku na Opel Manta yenye mkia wa mbweha na Dacia Logan. Dereva wa mbele anapita magari ya polepole mzunguko hadi mzunguko, na hapo ndipo mbio nyingi zinapovunjikia. Urefu ule una adhabu yake ya pekee. Tairi likipasuka mara tu baada ya kuupita mlango wa gereji, una kilomita ishirini na kitu za kurudi. Ukienda mbio, vipande vya mpira vinachapa bawa la gari kutoka ndani, vinakata waya na mpira wa breki. Ukienda pole, umepoteza mizunguko. Na mvua huweza kunyesha bondeni huku penye gereji pakavu, kwa hiyo fundi anachagua tairi akiangalia anga ambalo si la njia yote.

Mbona basi siipi taji? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, ajali ikitokea mahali, eneo lile linawekewa kikomo cha kilomita 60 kwa saa. Wewe ukifika wakati huo unatambaa. Mwenzako aliye dakika mbili nyuma anafika likiwa limefunguliwa, anapita kwa kasi zote. Hukukosea wala yeye hakukuzidi. Ya pili ni hali ya hewa. Mwaka 2016 mvua ya mawe ilizisimamisha mbio kabla saa ya kwanza haijaisha. Mwaka 2021 ukungu ukala usiku mzima. Mwaka 2024 ukungu tena, na Audi iliyoshinda ilikimbia mizunguko 50 tu, ilhali mwaka mmoja nyuma Ferrari ya timu ya Frikadelli ilizunguka mara 162. Gari likilala gereji usiku kucha, mafuta yamepoa na dereva amelala, sasa kilichovumiliwa ni nini?

Kwenye Daytona, saa 24 za Marekani, sitakaa sana. Usiku wa Januari ni mrefu, yapata saa 13 za giza, na ile kona ya ukuta iliyolala nyuzi 31 inagandamiza springi kila mzunguko. Lakini kila gari la usalama linapotoka kuwatangulia wote na kuwapunguzia mwendo, msafara unakusanywa, na uongozi wa dakika nzima unayeyuka kama barafu ya muuza samaki. Watu wanakimbia saa 23 ili wapate nafasi nzuri ya kukimbia saa moja. Sebring, nayo ya Marekani, saa 12 juu ya mabamba ya zege ya uwanja wa ndege wa enzi za vita, naiheshimu zaidi. Ni mahali timu zilipokuwa zikipeleka magari kuyavunja makusudi kabla ya kwenda Ufaransa, na hilo linakuambia mtihani wenyewe wanauhesabu uko wapi.

Sasa Le Mans. Njia ina kilomita 13.626, na sehemu kubwa ni barabara ya kawaida ambayo malori hupita mwaka mzima. Ina mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo gari linalohamia upande kupita jingine kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa linavuka ule mgongo na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Siku za mwanzo lami ina vumbi na mafuta ya malori. Mpira unajipaka saa hadi saa, na mwendo unaongezeka hata kama gari halijaguswa.

Ule mnyooko wa Mulsanne ndio moyo wa hoja yangu. Ulikuwa kama kilomita sita mfululizo hadi walipoukata kwa kona mbili mwaka 1990. Mwaka 1988 Roger Dorchy alikuwa amepimwa hapo akiwa kilomita 405 kwa saa. Watu hufikiri kinachoumia pale ni injini peke yake. Angalia breki. Diski za kaboni haziumi mpaka zipate moto wa mamia ya nyuzi. Gari likinyooka muda mrefu, upepo unazipoza, halafu mwishoni dereva anakanyaga kwa nguvu zote. Sekunde ile ya kwanza diski haijashika. Dereva wa usiku asiyelijua hilo anakanyaga zaidi, diski inashika ghafla, gurudumu linagoma kuzunguka, na tairi linapata bapa. Bapa lile linatikisa gari kila mzunguko, na mtikisiko ndio unaolegeza nati na viunganishi ambavyo hakuna aliyevifikiria.

Magari ya GT yenye diski za chuma nayo yana kazi yake. Mara nyingi breki za mbele hubadilishwa usiku au alfajiri. Kalipa, yaani kile kifaa kinachoibana diski, inakuja tayari imefungwa pedi, na pedi hizo zilishachomwa moto siku za majaribio ili zisianze kuteleza. Jeki inainua, gurudumu linatoka, mpira wa mafuta unachomolewa kwenye kiunganishi kinachojifunga chenyewe, kalipa inatoka, diski inatoka ikiwa bado inaunguza glavu, mpya zinaingia. Kisha lile jambo dogo linalosahaulika: dereva apampu pedali mpaka iwe ngumu kabla hajaondoka. Pistoni zilikuwa zimerudishwa nyuma, kwa hiyo kanyago la kwanza linaenda mpaka sakafuni. Akisahau, ataikumbuka kwenye kona ya kwanza, na changarawe itamkumbusha.

Ukitaka ushahidi mmoja tu, chukua 2016. Toyota namba 5, Kazuki Nakajima ndani, inaongoza zikiwa zimebaki dakika zisizofika tano. Saa 23 na dakika hamsini na ushee hakuna kilichogoma. Halafu nguvu zinakwisha. Kilichokufa ni kiunganishi kwenye bomba la hewa kati ya turbo na intakula. Turbo inagandamiza hewa, hewa inapata moto, intakula inaipoza kabla haijaingia kwenye injini. Kiunganishi kikiachia, turbo haidhibitiki tena, na injini inabaki na petroli bila pumzi ya kuichoma. Gari likasimama kwenye mstari wenyewe wa kumalizia, mbele ya gereji yao. Walibadili mipangilio, likaondoka tena likijikokota, lakini sheria ilidai mzunguko wa mwisho uishe ndani ya dakika 6, na wao walitumia karibu 12. Porsche namba 2 ikachukua ushindi, na Toyota ile haikuandikwa hata nafasi ya pili. Niambie, Sudi, ni wapi kwingine kipande kimoja kidogo kilihukumiwa kwa ukali ule? Kwenye Safari wangekuwa na kingine ndani ya gari la mafundi kilomita chache mbele.

Najua utakimbilia 2024. Nakubali, na hapo una haki: mvua usiku, magari yakafuata gari la usalama kwa zaidi ya saa nne. Siwezi kuilaumu Nürburgring kwa ukungu nikafumba macho kwa hili. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Ferrari namba 50 inaongoza, zimebaki saa mbili hivi, na mlango wa upande wa kulia unaanza kupigapiga. Waamuzi wakaiamuru irudi gereji kuufunga. Kurudi mapema kunavuruga hesabu ya mafuta hadi mwisho wa mbio. Dereva, Nicklas Nielsen, akalazimika kubana matumizi huku Toyota ikimfukuza, na akashinda kwa sekunde 14 na kidogo. Saa 24, na kilichokaribia kuamua ni komeo la mlango.

Kuhusu lile dai lako kwamba Le Mans ya leo imelegea kwa kuwa magari hayafi kama zamani: mwaka 1971 Helmut Marko na Gijs van Lennep walizunguka mara 397 na Porsche 917, kilomita 5,335, na rekodi hiyo ya umbali ilikaa hadi Audi ilipoipita mwaka 2010, nayo kwa mizunguko 397 ile ile ya njia iliyorefuka. Miaka 39. Tofauti ni kwamba zamani dereva alitunza gari, akabadilisha gia taratibu na kuacha nafasi. Sasa ni mwendo wa kasi yote, kama wa kuwania nafasi ya kuanzia, kutoka saa kumi jioni hadi saa kumi jioni ya pili, na ukiliachia gari kidogo umepitwa na watatu. Magari hayafi kwa sababu watu wameyasuka vizuri zaidi, wala si kwa sababu yanaonewa huruma.

Ukinijibu, acha habari za matope, hizo nimekupa. Nataka unieleze jambo moja: hilo eneo la kilomita 60 kwa saa. Ukinionyesha namna linavyompa haki aliyetangulia, nitaipandisha Nürburgring hadi ya pili, juu ya Safari. Na wazee wa gereji kwenu wasijue nimeandika hivyo.

Wako,
Bakari