Kuhusu Neema na Halloween

Mpendwa Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata. Shule imewaambia watoto waje na mavazi ya Halloween, ile sherehe ya kuvaa mavazi ya kutisha na kugawiwa pipi, tarehe 31 Oktoba, Neema anang'ang'ania kwenda na wenzake, nawe dhamiri inakusuta. Nakuelewa kabisa.

Mimi mwanangu simruhusu avae kama shetani, mchawi wala maiti. Mwaka jana alikuta kinyago kimening'inizwa mlangoni mwa darasa, mdomo umepakwa damu ya bandia. Akanishika mkono: "Mama, huyu amekufa kweli?" Watu wazima walicheka; mimi nilishindwa. Jumapili tunamfundisha kuyatafakari yaliyo safi na yenye kupendeza, kama Paulo alivyowaandikia Wafilipi, kisha tumzoeze kuchekelea damu na kifo? Na Kumbukumbu la Torati 18 inakataza waziwazi uchawi na kuwaomba wafu.

Ila nakusihi, usimwambie Neema kwamba wenzake wanamwabudu shetani. Si kweli. Wengi wanachofuata ni pipi, naye atalijua hilo, na siku utakapomwonya jambo zito hatakusikiliza. Mpe historia yenyewe. Usiku ule ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Kanisa huadhimisha tarehe 1 Novemba. Msimu huohuo Wakelti, watu wa kale wa Ireland, walikuwa na sherehe yao, Samhain, wakiamini mizimu inazurura. Waayalandi walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19, walikwenda na desturi zao. Taa walizokuwa wakichonga kwa tanipu, mboga ya mzizi, wakaanza kuzichonga kwa maboga. Mtoto wa umri wake anayaelewa haya, tena vizuri kuliko kuambiwa "ni dhambi, nyamaza."

Nanyi Walutheri mna la ziada: tarehe hiyohiyo, mwaka 1517, Martin Luther alitoa hoja zake 95 zilizoanzisha Matengenezo ya Kanisa. Mwache Neema achague mtu wa imani anayempenda, awe Esta au Debora, avae kama yeye, na jioni awasimulie habari zake.

Mwalimu mwone mapema, wewe mwenyewe, kwa upole. Omba Neema apewe kazi ya kufanya siku hiyo, asije akawekwa pembeni wenzake wakimtazama. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, mtoto kubeba peke yake msimamo wa wazazi wake. Na pipi mnunulie.

Niandikie mwalimu atakavyokujibu. Msalimie Baba Neema.

Wako katika Kristo,
Mama Daudi