Wanangu msingoje mtoto akue ndo adungwe sindano

Wanangu wa huku Kilifi mlio na watoto wachanga, salaam. Mimi ni nyanya yenu, nimefanya kazi wodi ya watoto na kliniki ya chanjo miaka mingi mpaka nikastaafu, na barua hii naiandika kwa sababu ya neno nililolisikia mara tatu mwezi huu, ati kinga ya mtoto wa wiki sita bado changa, basi angoje kwanza afike mwaka hivi ndo apewe chanjo za homa ya uti wa mgongo. Wa mwisho kulisema ni msichana nimpendaye sana, mtoto kamfunga mgongoni kwa leso, na nikaona wala si uzembe, anamuogopea mwanawe tu.

Hilo la kinga changa ni kweli. Vile vijidudu vinavyoleta uti wa mgongo kwa watoto, yani Hib, numokokasi na meningokokasi, vimejivika koti la sukari. Mwili wa mtu mzima ukikutana na hiyo sukari unaitambua na kutengeneza kinga, lakini mtoto wa chini ya miaka miwili sukari tupu hashughuliki nayo, inapita tu kama mgeni asiyebisha hodi. Chanjo za kwanza zilikuwa sukari tupu hivyo hivyo, na kule Finland miaka ya 1970 walipoijaribu ya Hib iliwakinga waliopita mwaka na nusu, wadogo zaidi haikuwafaa kitu. Na ugonjwa unawapenda hao hao wadogo, manake kinga mtoto aliyotoka nayo tumboni kwa mamake inapungua mwezi baada ya mwezi, akifika miezi sita hivi imebaki kidogo sana.

Sasa sikizeni hapa. Wataalamu wakaichukua ile sukari wakaifunga kwenye protini, kwa mfano protini ya pepopunda iliyotolewa sumu, na protini mwili wa mtoto unaijua hata akiwa na wiki sita. Seli zinazotambua protini zinakuja mbio kuwasaidia wenzao wanaotengeneza kinga, na wakiwa pale pale wanaijua na sukari iliyofungwa nayo, wengine wanabaki na kumbukumbu yake. Chanjo ya meningokokasi A iliyoanza Burkina Faso, Mali na Niger mwaka 2010 imefungwa hivyo hivyo kwa protini ya pepopunda. Kwa hivyo hiyo kinga changa mnayoiogopea ndo chanjo hizi zimetengenezewa.

Na baba mmoja akaniuliza, mbona sindano ni ile ile mara tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, si wanamtesa tu? Mwanangu, wewe ulipopelekwa chuoni, alifu uliishika siku ya kwanza? Sindano ya kwanza mwili unajifunza, kinga inayotoka ni kidogo na inashuka upesi. Ya pili inawakuta waliokwisha fundishwa, ya tatu ndo kinga inapanda vizuri. Ukiacha baada ya moja umemtoa mtoto chuoni na alifu yake nusu. Kijihoma cha usiku ule ni mwili unaofanya kazi, na asipopata homa pia chanjo imeingia, msibabaike.

Mimi niliona ilivyokuwa kabla. Mwisho mwisho wa miaka ya 1990 aliletwa mtoto wa miezi minane, kwao walisema ni degedege wakamzungusha siku mbili kwa waganga. Utosi ulikuwa umevimba ukiugusa unakusukuma kidole, na kila mamake akimbeba kumnyamazisha ndo analia zaidi. Maji ya mgongo yakatoka meupe kama ya kuoshea mchele, na yale huwa safi kama ya kunywa. Alipona. Siku ya kutoka wodini mfuniko wa sufuria ukamponyoka mamake ukaanguka kwenye sakafu nyuma ya mtoto, sisi sote tukashtuka, yeye akaendelea kucheza na kidole chake. Mamake akauokota akauangusha tena, makusudi sasa, na tena.

Chanjo ya Hib ikaingia Kenya mwaka 2001, ya numokokasi 2011, na hapa hapa Kilifi watafiti walikuwa wakihesabu wagonjwa: Hib kali kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilipungua karibu asilimia 88 ndani ya miaka michache, na numokokasi za aina zilizomo kwenye chanjo zikapungua asilimia 92. Wale manesi wadogo wanaoanza kazi sasa wengine hawajayaona yale maji ya mchele, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo.

Chanjo hazizuii kila aina, kwa hivyo mtoto akiwa na homa, akakataa kunyonya, akashtuka shtuka au utosi ukavimba, ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama kadi imejaa.

Leo usiku toeni vile vijitabu vya kliniki mvifungue kwenye ukurasa wa chanjo. Kama wiki ya 10 au ya 14 hakuna tarehe, mpelekeni hata kama amechelewa miezi, haianzwi upya, nesi anaendelea pale ilipoachwa. Aliyezaliwa kabla ya siku zake pia, wiki zake zinahesabiwa tangu alipozaliwa. Na akina baba, nauli ya kliniki mwacheni mama nayo asubuhi kabla hamjatoka.