Barua kwa Binti Yangu Kuhusu Faili Lake

Kondele, Kisumu

Binti yangu mpendwa,

Nimesikitika kusikia kwamba orodha ya wanafunzi wanaoongezewa muda wa mtihani ilibandikwa kwenye ubao wa idara yenu, na kwamba kando ya jina lako paliandikwa "kifafa". Nilikasirika, kisha nikaikumbuka miaka yangu ya ukarani katika masjala, nilipozoea kuona mafaili yaliyogongwa muhuri wa SIRI yakibebwa kwapani hadi kantini na kufunguliwa kando ya chai. Huenda aliyeibandika hakuwa na nia mbaya, lakini anayetazamwa na korido nzima ni wewe.

Ibara ya 31 ya Katiba inakukinga dhidi ya habari zako za faragha kutakiwa au kufichuliwa pasipo haja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti na kuitaka taasisi ikusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Msimamizi wa mtihani anahitaji kujua kwamba una dakika zaidi na ruhusa ya kutoka kupumzika. Jina la ugonjwa halimsaidii kusoma saa. Ripoti ya daktari ibaki katika ofisi inayowahudumia wanafunzi wenye ulemavu, na barua itokayo humo kwenda idarani itaje msaada unaostahili, basi.

Matroni wa bweni ni jambo jingine. Yeye, pamoja na mwenzako wa chumbani, ningependa uwaeleze mwenyewe kwa nini umeomba kitanda cha chini, na kwamba ukianguka wakulaze ubavu na wasikutie kijiko wala kitu chochote kinywani. Sikufundishi kujificha, mama. Nataka uwe wewe unayechagua nani aambiwe.

Kuhusu orodha hiyo, kiandikie chuo ombi kwamba iondolewe, uelezwe nakala zilienda kwa nani, na orodha zijazo zisiwe na safu ya ulemavu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, kwa maana barua isiyo na muhuri hupotea kwa urahisi wa kushangaza (hilo nalijua kuliko ninavyopenda kukiri). Wakinyamaza, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nilitaka kuja huko mwenyewe, lakini mama yako amenikumbusha kwamba umeshapita miaka 18, na kwamba hata mimi sina haki ya kulifungua faili lako bila idhini yako. Kwa hiyo nimeambatisha rasimu tu. Haitaji ugonjwa hata mara moja, na nafasi ya sahihi nimekuachia wewe.

Ni mimi baba yako.